“Mama Hajala Tangu Jana”: Majibu kwa Kikao cha Familia

Ukiona watu wazima wamekaa chini ya mwembe na kila mmoja anaanza kwa kueleza asichoweza, jua kikao hicho ni cha mzazi. Aliye Nairobi hawezi kupata ruhusa kazini. Aliye Rongo hana wa kumwachia duka. Aliyeolewa Oyugis ana mume, tena ana mama mkwe wake. Halafu macho yote humgeukia mtu ambaye hajatamka neno, na mara nyingi huyo hata hakuzaliwa katika boma hilo. Ni mke wa mmoja wa wana, ameishi hapo miaka ishirini na bado anaitwa kwa jina la kwao, nyar Kadem, binti wa Kadem.

Nimekaa katika vikao vya namna hii, vya kwetu na vya majirani, Migori na Homa Bay, na madai hayabadiliki sana. Hubadilika wasemaji tu. Nitayajibu hapa, mengine kwa kirefu na mengine kwa maneno machache, maana hayalingani uzito. Ninachoshikilia ni kimoja: katika ugomvi huu tunahesabu kila kitu, kuanzia ng'ombe hadi nauli, isipokuwa kazi ya mtu anayeamka usiku.

“Sisi si Wazungu, wazee wetu hatuwatupi.” Hili ndilo hufungua kikao, na hakuna anayelipinga. Mtu akithubutu kutaja makao ya wazee, kama yale ya Kasarani, Nairobi, yanayoendeshwa na masista wa Kikatoliki, ataangaliwa kana kwamba amependekeza mama auzwe. Sawa, tusiwatupe. Ila tuulizane ni nani hasa anayewashika.

Zamani hilo halikuulizwa kwa sababu watu walikuwepo. Boma la Mjaluo lilikuwa na nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, za wake wenza, vibanda vya vijana viitwavyo simba karibu na lango, na bibi kizee hakulala peke yake. Wasichana wa boma walilala kwake, katika siwindhe. Walimchotea maji na kumkokea moto, naye akawafunza mambo ya dunia. Kazi ya kumwangalia iligawanyika kwa watu wengi bila mtu yeyote kuitisha kikao cha kuigawa. Leo wajukuu hutoka shuleni jua likizama, na wengine wako bwenini.

Kisha kuna jambo ambalo vikao vyetu hulizunguka. Mama mwenye miaka 80 sasa alikuwa na watoto wa miaka ishirini na kitu, thelathini na kitu, katikati ya miaka ya 1990. Serikali ilitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bila malipo katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001, kupitia Madaktari Wasio na Mipaka, tena kwa wachache. Kabla ya hapo tulizika. Hata utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano Homa Bay anaishi na virusi, na Migori takriban 13 katika kila 100. Waliozikwa enzi zile ndio wangekuwa na miaka 50 na 60 leo, na zamu ya kumtunza mama ingekuwa yao. Badala yake mama ndiye aliyelea watoto wao. Anayesema mila yetu inatosha anataja mpango ambao watu wake wengi wamelala humo humo bomani, chini ya saruji.

“Ni kazi ya chogo.” Kitinda mimba hubaki na nyumba ya mama, kwa hiyo na amtunze. Nakubali kwamba mila iliweka hivyo. Wakubwa walitoka wakaanzisha maboma yao, mdogo akabaki na wazazi, na alipobaki alikuwa na kitu mkononi: nyumba, shamba lililo karibu na nyumba, na kauli juu ya vyote viwili. Leo chogo anachimba dhahabu Macalder au analinda geti Nairobi. Aliyebaki ni mkewe. Wajibu tumemkabidhi yeye, lakini kauli bado ni ya mumewe na kaka zake, na hati ya shamba ina jina la babu aliyefariki. Mila haikusema hivyo popote. Katiba ya 2010 nayo, katika Ibara ya 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kupata matunzo na msaada wa kadiri kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Imesema familia. Haikutaja mtoto wa ngapi.

“Mimi natuma pesa kila mwezi.” Huyu nisimbeze, kwa sababu wapo wasiotuma hata salamu. Pesa zinahitajika, na mara nyingi hazihitajiki pale anapodhani. Wengi bado wanaamini kwamba kadi yao ya kazini inamhudumia mama. Chini ya SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, anayelipiwa pamoja na mwanachama ni mwenzi wake na watoto wake. Mzazi anajiandikisha mwenyewe na kulipa mchango wake, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na kwa asiye na mshahara unalipwa wa mwaka mzima kwa mpigo. Hiyo ni 3,600. Familia nyingi hugundua hivyo zikiwa mbele ya dirisha la malipo, mgonjwa yuko kwenye benchi. Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, nayo ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mwenye miaka 70 na zaidi aliyeandikishwa. Kiwango hicho hakijapanda kwa zaidi ya miaka kumi, na mara nyingi pesa zenyewe huja kwa kuchelewa.

Sasa tuhesabu na upande wa pili. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi ya kiunoni na visiginoni huoza. Ni mara kumi na mbili kwa siku moja, na tano kati ya hizo ni usiku. Uji wa wimbi unanyweshwa kijiko kwa kijiko, mgonjwa ameketishwa wima asipaliwe, na kikombe kimoja chaweza kumaliza nusu saa. Shuka zinafuliwa kila siku, na maji yanatoka kisimani au ziwani. Pampasi za watu wazima ni ghali, kwa hiyo mchana anavishwa vitambaa, pampasi inawekwa ya usiku au ya safari.

Na safari yenyewe ni bodaboda. Mwendeshaji mbele, mama katikati, mkaza mwana nyuma amemfunga kwake kwa leso asije akadondoka. Miguu isiyo na nguvu inaning'inia karibu na bomba la moshi. Mwenye kisukari huenda asisikie moto. Nimeona mzee aliyepelekwa kliniki kwa ajili ya presha akarudi na kidonda cha kuungua mguuni, kikamsumbua kuliko presha.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Jaribu kumwajiri mtu Homa Bay mjini afanye kazi hii usiku na mchana, bila siku ya kutoka, uone atakutajia kiasi gani, kisha uone kama atamaliza mwezi. Aliyetuma shilingi elfu tatu amefanya jambo. Hajalipa kazi hiyo, na hana haki ya kuisimamia kwa simu.

“Lakini mama mwenyewe ameniambia hajala tangu jana.” Hapa ndipo familia huvunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kaka anatoka Nairobi na basi la usiku, anafika Migori alfajiri, anaingia bomani saa tatu asubuhi na mikate miwili na sukari. Mama anamshika mkono na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba hapewi chakula, kwamba nyar Kadem ameiba pesa zake, kwamba usiku anafungiwa ndani. Anaongea vizuri, macho makavu, anamtaja mtoto kwa jina lake la utotoni. Kufikia adhuhuri maneno hayo yako kwenye kundi la WhatsApp la familia, na dada aliye Doha ameshaandika kwamba huyo mwanamke arudi kwao.

Huenda ni kweli. Wazee hudhulumiwa, wengine hunyimwa chakula, na kila shutuma yastahili kuangaliwa. Lakini kabla ya kuhukumu, kaka angemuuliza mama amekunywa nini asubuhi ile ile. Upungufu wa akili unaoletwa na maradhi ya ubongo, kama Alzheimer au viharusi vidogo vidogo vinavyofuatana, mara nyingi hula kwanza kumbukumbu za karibuni na kuacha za zamani. Mama atakueleza nani alileta fahali gani siku ya mahari yake, mwaka ule kabla ya Uhuru, ilhali uji alioumaliza saa moja iliyopita haupo tena kichwani. Hasemi uongo. Kwake yeye hajala. Pesa alizificha mwenyewe ndani ya gunia la mahindi, akasahau, na aliye karibu ndiye mwizi kwa sababu ndiye pekee aliye karibu. Mlango unafungwa usiku kwa kuwa jua likitua hufunga mzigo wake akitaka kwenda kwa mama yake, aliyekufa miaka arubaini iliyopita, na njia ya huko inavuka mto.

Mbele ya mgeni, tena mwana kipenzi, mgonjwa wa namna hii hujikaza kwa saa kadhaa akaonekana mzima. Ndiyo sababu anayekuja Jumamosi na kuondoka Jumapili humkuta mama ambaye nyar Kadem hajawahi kuachwa naye. Kama kaka ana shaka, akae bomani wiki nzima, alale chumba kimoja na mama. Dawa ya shaka hiyo ni kuiona Jumatano.

Wapo wanaosema huo ni uzee tu, au ni ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 duniani wana upungufu huu wa akili, na wengi wao wanaishi katika nchi zisizo tajiri. Wapo wanaosema ni chira, kuna mwiko uliovunjwa. Na wapo wanaosema neno baya zaidi. Kisii, kaunti inayopakana na Migori na Homa Bay, wanawake wanne wazee waliuawa Marani mwezi Oktoba 2021 kwa kushukiwa uchawi. Filamu ya The Letter ya Maia Lekow na Chris King, iliyotoka 2019, ilionyesha jinsi tuhuma hizo zinavyoota ndani ya familia huko Kilifi, mara nyingi shamba likiwa nyuma yake. Bibi anayeongea peke yake usiku, anayetoka nje bila nguo, asiyemtambua jirani, ni mtu aliye hatarini, na jina la ugonjwa wake laweza kumwokoa.

Jambo moja zaidi, kwa sababu ni la uhai. Akili iliyopotea polepole kwa miaka ni habari moja. Iliyopotea ndani ya siku mbili tatu ni habari nyingine: huenda ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari iliyoshuka, au dawa mpya, na hayo yanatibika. Wahudumu wa afya ya jamii waliokabidhiwa mikoba yao Septemba 2023 walipewa vipimo vya presha na sukari. Aitwe wa kijiji chenu, aje apime, kabla kikao hakijaitwa.

“Anakaa pale kwa sababu anavizia shamba.” Dai hili lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana linauma. Kweli wapo waliomwekesha mzee dole gumba kwenye karatasi asiyojua ni ya nini. Tuangalie basi anachoweza kupata huyu anayeshukiwa. Mzazi aliyebaki peke yake akifariki bila wosia, kifungu cha 38 cha Sheria ya Urithi kinagawa mali sawasawa kwa watoto wake wote. Aliyemgeuza usiku miaka sita na aliyetuma salamu za Krismasi wanapata sawa. Mkaza mwana hayumo kabisa katika hesabu hiyo. Anachokipata kinapitia kwa mumewe au, mume akiwa amefariki, kwa watoto wake. Kama anavizia, basi amechagua njia ndefu mno ya kuvizia.

Familia inayoogopa hila ina njia. Wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili, na shahidi asiwe anayerithi. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili hufaa tu ikiwa msemaji atafariki ndani ya miezi mitatu. Wosia wa aina zote mbili unataka akili timamu, kwa hiyo ule wa maandishi ufanywe mapema, siku mama bado anajua mipaka ya shamba kuliko nyinyi. Mzee akiwa hai, shamba la kilimo halihamishwi bila idhini ya bodi ya ardhi, na hapo mnaweza kwenda kupinga. Akili ikishapotea, Mahakama Kuu inaweza, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, kumteua mtu wa kusimamia mali ya mgonjwa na kumtaka atoe hesabu. Hizo ndizo kinga. Kumtukana mpishi si kinga.

Maoni yangu, na najua yatawaudhi baadhi ya wazee wa ukoo: mzazi mwenye akili zake akitaka kumwachia anayemtunza kipande kikubwa zaidi, na aachwe afanye hivyo waziwazi, watoto wote wakiwepo. Ni deni, na analipa mwenye deni.

“Mabinti wameolewa, hawana neno hapa.” Jibu fupi. Sheria ya Urithi haiwatofautishi na wana, na Ibara ya 27 ya Katiba inakataza ubaguzi huo. Nao wanaosema hivyo ndio hao wanaompigia dada simu pampasi zikiisha, na ndio wanaomtaka aje amwoshe mama kwa kuwa si heshima mwana kuuona uchi wa mamake. Anayeitwa kuosha apewe kiti kikaoni. Kuhusu mama kuhamia kwa bintiye na kulala kwa mkwewe, ni kweli baina ya maro, mama mkwe, na or, mkwe wa kiume, kuna heshima ya kuepukana, na sipendi vijana wanaoicheka. Lakini mila hiyo hiyo imejaa njia za kutengeneza palipoharibika, manyasi, dawa ya kutakasa, yakiwemo, na familia kadhaa ninazozijua Kendu Bay na Awendo zimejenga chumba cha pembeni chenye mlango wake, mama akakaa kwa bintiye miezi mitatu, na hakuna aliyekufa.

“Haya ni ya ndani, chifu asiyasikie.” Kipigo na njaa havina undani. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo ipo kwa ajili hiyo.

“Tutampa mazishi ya heshima.” Halisemwi kwa sauti kikaoni. Ila linaonekana katika mikoba. Mwana ambaye hakupata nauli ya Aprili hupata fahali Novemba. Mahema, viti, picha kubwa ya marehemu, fulana, gari la kutoka mochari likifuatwa na pikipiki zikipiga honi, wapishi wa usiku tatu. Hata kimahakama sisi ni mabingwa wa maiti. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 20, 1986, na mjane wake Wambui akavutana mahakamani na ukoo wa Umira Kager hadi marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 23, 1987. Miezi mitano, mawakili wakubwa, Mahakama ya Rufani, nchi nzima ikifuatilia, na swali likiwa mwili ni wa nani. Sijasikia ukoo uliokwenda mahakamani kudai haki ya kumgeuza mgonjwa usiku.

Siyapingi mazishi. Mgeni wa mbali hula, aliyefiwa hafiwi peke yake, na kumzika mtu kwao ni jambo kubwa kwetu. Napinga kuyafanya malipo ya deni la miaka iliyotangulia. Kila mazishi yetu yana katibu mwenye daftari: jina, kiasi, ahadi, nani amelipa, nani bado, na mwisho yanasomwa mbele ya watu wote. Hakuna anayelalamika kwamba kuandika ni kukosa upendo. Daftari hilo linunuliwe mama akiwa hai. Iandikwe nani anakuja wiki ya kwanza ya Agosti na kulala, nani analipa msaidizi wa usiku, nani anamlipia SHA ya mwaka, nani anachukua Inua Jamii na ameitumiaje. Nyar Kadem aandikiwe mwezi mmoja wa kwenda kwao, na jina la atakayeshika nafasi yake liandikwe mstari huo huo, kwa kalamu, kabla kikao hakijafungwa kwa sala.